Tenki Zilizojaa

Divine alijua kurusha ndege kubwa kabla hajaikaribia hata moja. Miaka minne, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alijifunza kwenye kompyuta chakavu ya kaka yake, akiichaji kwa sola ya jirani. Sasa ukumbi mmoja wa michezo ya kompyuta ya kurusha ndege huko Kakoba, Mbarara, ulitafuta mwalimu mmoja tu, na chumba cha kulala angepewa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka kambini, na njia nyingine hakuwa nayo.

Madamu Mutesi, mwenye ukumbi, akampa mtihani. "Toka Entebbe, enda Brussels. Mafuta, wewe mwenyewe pima. Mimi nataka wewe fika futi elfu thelathini na saba, dakika thelathini tu."

Divine akajaza tenki zote mpaka juu. Hakufikiri hata kidogo; mkono ulikwenda wenyewe.

Ndege ikaruka vizuri, ikapanda vizuri, na kwenye elfu thelathini na tatu ikagoma. Alishasoma mara mia: ndege nzito haipandi kwa pupa, huachwa ichome mafuta kwanza, ndipo ipande ngazi kwa ngazi. Lakini hayo ni mambo ya saa nyingi, naye alibakiwa na dakika sita. Akainua pua. Mwendo ukapungua. Akainua tena, mpumbavu yule, huku anajua kabisa anachokifanya. Usukani ukatetemeka, ndege ikaporomoka kama gunia la mihogo.

"Lakini wewe! Safari hii nataka nusu tenki tu," Mutesi akashangaa. "Kwa nini wewe najaza yote?"

"Kwetu robine ya maji ikifunguka, tunajaza biombo byote, Madamu. Hatujue kama kesho batafungula tena."

Mutesi akacheka, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Nafasi akapewa mwombaji mwingine, Mihigo, aliyekulia Mbarara kwenye nyumba yenye bomba jikoni, na aliyepima mafuta yake mpaka kilo ya mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sawa, lakini nani humwajiri mshtukaji?

Divine alirudi kambini kupitia mji mdogo wa Rwekubo. Alimchukia Mutesi, akamchukia Mihigo, akajichukia mwenyewe kuliko wote. Mama yake, Anne, alikuwa bombani na madumu tisa.

"Divine, kimbia! Maji imetoka! Leta na masufuria!"

Alitaka kumwambia mama kwamba madumu hayo ndiyo yaliyomwangusha. Badala yake akaleta masufuria, ndoo na birika. Kisha akakiona kikombe alichonywea chai asubuhi ile, akakisuuza, akakijaza nacho.