Sentimita Kumi na Moja

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa saba kasoro dakika ishirini mchana, mgawa dengu katika ukumbi wa chakula wa gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, alimwaga upawa mzima kwenye zulia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne, na mkono wake ulijua umbali kutoka ndoo hadi sahani bila kusaidiwa na macho. Safari hii sahani ilikuwa mbali kuliko kawaida. Akaangalia. Mwanamke aliyekaa mbele yake, kati ya mama mkwe wake na wifi yake, alikuwa chini ya wenzake kwa vidole viwili. Zulia na vigae vilikuwa vimebonyea pamoja naye bila kupasuka.

"Samahani, dada," akasema mgawa dengu. "Naona umekaa chini."

"Sote tumekaa chini, kaka."

Ilikuwa kweli. Akafuta zulia, akainama zaidi kidogo, akaendelea na safu.

Masingasinga wa mji huo, kama wa miji mingine, hula pamoja baada ya ibada. Chakula hicho huitwa langa. Hupikwa na kugawiwa kwa kujitolea, na yeyote anayeingia mlangoni hulishwa. Wote hukaa sakafuni kwa safu, ili hakimu na mfagiaji wawe kwenye kimo kimoja. Kila mtoto wa gurudwara hiyo aliijua sababu na angeweza kuieleza hata ukimwamsha usingizini. Miaka sita kabla, wazee wenye magoti mabovu waliomba viti. Mabishano yakadumu miaka miwili, ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kusalimiana, na mwishowe viti vinane viliruhusiwa kando ya ukuta kwa masharti ya barua ya daktari. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutaja tena kitu chochote cha kukalia, hata mto.

Mwanamke yule, waliomjua walimwita Miwani. Alikuwa msaga lenzi katika duka la miwani la familia ya mumewe, kazi aliyoifanya vizuri kwa miaka kumi na miwili. Tangu mwezi wa kumi alikuwa hajalala zaidi ya saa tatu kwa usiku. Chumvi haikumfikia tena ulimini. Mwezi wa kwanza alisaga lenzi ya kushoto ya mwalimu mmoja mpaka ikaisha, akaendelea kushikilia mashine iliyokuwa haisagi kitu, hadi mumewe alipokuja kuzima umeme. Daktari wa kawaida alimwandikia barua kwenda kwa daktari wa akili: Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa nane mchana, aje na ndugu.

Jumapili ya pili alikuwa chini kwa sentimita sita. Tunajua hivyo kwa sababu safari hii alipimwa. Aliyempima alikuwa mkandarasi mmoja mstaafu ambaye hakutoka nyumbani bila kifaa chake cha kupimia usawa, na ambaye kwa ajili hiyo jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, akabaki kuitwa Pimamaji. Aliweka ubao kutoka goti la mama mkwe hadi goti la wifi, akashusha rula katikati, akaandika namba kwenye kiganja.

"Inauma?" akamuuliza Miwani.

"Hapana, mzee."

"Basi ni sakafu," akasema Pimamaji, akaenda kunawa.

Wakamhamishia safu nyingine. Akakaa, na sakafu ya hapo nayo ikabonyea sentimita zilezile. Jumapili ya tatu zilikuwa nane na nusu, ya nne kumi na moja. Dukani hakukuonekana kitu, kwa sababu huko alikalia stuli. Nyumbani hakuna aliyepima.

Kamati ilikutana Jumapili hiyohiyo ya nne, chumba cha pili, baada ya chakula. Kamati ilikuwa na wajumbe tisa. Mafundisho ya dini yao yanasema wazi kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa, na Mwenyekiti aliyanukuu alipofungua kikao. Wajumbe wote tisa walikuwa wanaume, jambo ambalo, kama alivyowahi kueleza, lilitokea kwa bahati tu tangu gurudwara ianzishwe. Miwani alikuwa upande wa pili wa ukuta akisuuza sahani za chuma. Maji yalipofungwa aliwasikia vizuri.

"Tuna mtu aliye chini ya wengine," akasema Mwenyekiti. "Hilo haliwezekani humu ndani."

"Apewe mto," akasema mjumbe mpya.

Wenzake wakamtazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyewasha kiberiti karibu na mafuta. Akaomba lifutwe kwenye kumbukumbu.

"Ale jikoni."

"Hapana," akasema msomaji wa Kitabu, mzee mpole aliyeongoza ibada. "Hapa hatuli kwa kutengwa. Ila nina swali. Tumemuuliza?"

"Tumuulize nini?"

"Ana nini."

Wote wakamgeukia mume wa Miwani, ambaye alikuwa mjumbe wa saba.

"Mzima," akasema mume. "Amechoka kidogo tu. Mambo ya kina mama."

"Hayo ni ya familia," akasema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ya heshima. "Familia haimo kwenye ajenda. Jengo limo."

Pimamaji akasimama. Alisema kwamba kama mmoja yuko chini na haruhusiwi kupandishwa, hesabu inabaki na jibu moja: sakafu nzima ishuke sentimita kumi na moja. Mlango utahitaji ngazi moja. Jumatatu kung'oa vigae, Jumanne kuchimba, Jumatano zege la kukauka haraka, Alhamisi na Ijumaa vigae vipya. Jumanne ndiyo siku nzito. Kila mwenye mikono anahitajika. Wajumbe waliona ni pendekezo zuri, la haki, lisilogusa viti. Likapita bila kupingwa. Msomaji wa Kitabu naye aliinua mkono, kwa sababu hakuwa na pendekezo lingine la ujenzi.

Jioni hiyo, duka likiwa limefungwa, Miwani aliiweka barua ya daktari kwenye meza ya kukatia fremu.

"Jumanne ni keshokutwa," akasema. "Saa nane. Inatakiwa niende na ndugu."

Mumewe aliisoma yote, hata anwani. "Jumanne? Mke wangu, Jumanne tunachimba."

"Najua."

"Watu mia mbili wanafunga maduka yao kwa ajili yako, halafu mimi mumeo nisionekane? Watasemaje?"

"Ni saa moja tu."

"Nisipochimba saa moja, lori la udongo linaondoka limejaa nusu." Akaikunja barua kwa uangalifu kwenye mikunjo yake ya mwanzo. "Subiri tumalize sakafu. Labda hata hutahitaji kwenda."

Nyumbani, mama mkwe alikuwa akipanga mashuka. Alimsikiliza Miwani mpaka mwisho, kitu ambacho hakumfanyia kila mtu.

"Mwanangu, mimi nimezika mume na nimefunga duka mara mbili. Asubuhi naamka, naoga, nasali, moyo unapanda wenyewe. Tumefundishwa kuwa na moyo wa juu."

"Mimi nasali, mama. Saa kumi na moja alfajiri. Niko macho hata hivyo."

"Basi ongeza." Akalipiga shuka likanyooka. "Na tafadhali, hilo neno la daktari wa akili lisitoke humu. Wifi yako anatafutiwa mchumba. Watu wakisikia watauliza kama ni la ukoo."

"Mimi si wa ukoo wenu kwa damu."

"Wao watajuaje?"

Wifi alisema angekwenda naye bila shaka, kwa moyo mmoja, siku yoyote isipokuwa Jumanne, maana alikuwa amepangiwa chai ya wachimbaji, birika kumi na sita.

Jumanne watu walifika mia mbili na kumi. Hakimu mstaafu alibeba karai pamoja na mfagiaji wa soko, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa hapakuwa na ajabu. Kina mama walipokezana ndoo kwa mstari mpaka barabarani. Mume wa Miwani alichimba katikati kabisa ya ukumbi, kilemba kikiwa kimejaa vumbi, na kila aliyepita alimpiga bega.

"Tukiendelea hivi tutatokea upande wa pili wa dunia," akasema mmoja.

"Huko nako utakuta wamekaa sakafuni."

"Basi tukaribishwe chakula!"

"Wewe hata kaburini utauliza chapati ziko wapi."

Vicheko vilifika hadi kituo cha basi, ambako Miwani alikuwa amesimama na mkoba wake.

Kliniki ilikuwa na dirisha la mapokezi na safu ya viti vya plastiki vilivyofungwa kwa skrubu kwenye bomba moja la chuma. Mpokezi aliisoma barua.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Hapa pameandikwa ndugu. Ukurasa wa pili unajazwa na ndugu. Unalalaje, unakulaje, umebadilika lini."

"Naweza kujaza mwenyewe. Nina tarehe zote."

"Haijazwi na mgonjwa, dada. Mgonjwa anaweza asijione vizuri."

Miwani alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na msingi. Ndiyo iliyoilisha familia ya duka la miwani kwa miaka thelathini.

"Kwani huna ndugu?"

"Ninao mia mbili na kumi."

"Wako wapi?"

"Wanachimba."

"Wanachimba nini?"

"Sakafu. Ili wawe sawa na mimi."

Mpokezi alikuwa kwenye dirisha hilo mwaka wa tisa. Aliandika *ndugu wana kazi*, akafungua daftari la miadi, akapitisha kalamu kwenye kurasa zilizojaa mpaka akafika penye nafasi. Jumanne, wiki tisa mbele, saa nane. Miwani akaomba akae kidogo kabla ya kutoka. Alipoondoka, mfanya usafi alipitisha ufagio na kukuta kiti chake kiko chini kuliko jirani zake, ingawa bomba lilikuwa limenyooka. Viti vingine vitatu vya safu hiyo vilikuwa hivyohivyo tangu mwaka jana. Mfanya usafi alishazoea kuvizunguka.

Jumapili ukumbi ulifunguliwa. Ngazi mpya ilishuka kutoka mlangoni, na baada yake sakafu ilinyooka hadi ukuta wa mbele, vigae vyeupe, viungo vyembamba. Ukutani ulibaki mstari wa rangi unaoonyesha ilipokuwa sakafu ya zamani. Watu mia mbili na kumi walikaa. Miwani alikaa mahali pake, na Pimamaji akaweka ubao kutoka goti la mama mkwe hadi goti la wifi. Ubao uligusa magoti yote matatu. Juu yake, kipovu cha kifaa cha kupimia usawa kikatulia katikati ya kioo chake.

Mwenyekiti alikatiza hotuba yake ili afute macho. Mama mkwe alimshika Miwani mkono.

"Umeona, mwanangu? Umeona unavyopendwa?"

"Nimeona, mama."

Hakuwa anajibu kwa adabu tu. Hakuwahi kuona vigae vimepangwa vizuri hivyo, na alijua ni mikono ya nani iliyovipanga. Alimtazama mumewe upande wa pili wa ukumbi, na mumewe akamwonyesha viganja vyenye malengelenge, akicheka.

Chapati ya kwanza ikapita. Ilipopita ya pili, goti la Miwani likaachana na ubao.

Pimamaji alisubiri mpaka watu wamalize kula, akapima. Sentimita mbili na nusu. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba udongo mpya hukaa na kushuka. Kamati ilikutana wima, chini ya ngazi mpya, kwa dakika tano. Lori la udongo lingepatikana tena baada ya wiki nane. Kwa mwendo huo zingekuwa sentimita ishirini na mbili na nusu, yaani ngazi mbili zaidi, na Pimamaji alithibitisha kwamba msingi wa jengo ungeruhusu hata mita tatu. Mgawa dengu aliombwa aendelee kuinama katika kipindi hicho. Alisema alishazoea, siku hizi hupiga goti moja.

"Siku gani?" akauliza katibu.

"Jumanne," akasema Mwenyekiti. "Ileile ndiyo nzuri, watu wameipenda."

Miwani alikuwa amesimama karibu nao, akisubiri njia.

"Jumanne hiyo nina miadi, mzee," akasema.

"Usijali kabisa, dada yangu. Si lazima uwepo. Wewe pumzika, kazi tuachie sisi."

Katibu akaandika: *Dada ana udhuru. Kazi iendelee.*

Mumewe alikuja akampokea sahani ya mwisho mkononi.

"Miadi gani tena?" akauliza kwa sauti ya chini. "Si ilishapita?"

"Ilipita."

"Ehe." Akaridhika. Kisha akamshika kiwiko kumpandisha kwenye ngazi, polepole, kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa ya sentimita kumi na moja kamili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichimba.