Msimamizi wa Keki

Siku ile mjinga alikuwa Abundio Zertuche mwenyewe, wala hakatai. Mkute leo kwa kinyozi, atakusimulia kabla hujamwuliza. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi wa Machi, alikuwa bado hajajijua. Alikuwa ameinamia bati la biskuti lililojaa risiti, akizichambua kama maharage: za kazi kulia, za nyumbani kushoto, zisizoeleweka katikati.

"Petroli," alisema. "Nyuzi za kufyekea. Petroli tena. Na hii nyeupe?"

"Hiyo ya matairi ya trela," alijibu Evaristo Lerma. "Ilikaa mbele ya kioo cha gari, jua likaifuta."

"Kompadre, kila mwaka nakwambia usiweke risiti mbele ya kioo."

"Na kila mwaka jua halikusikii."

Delfina, mke wa Evaristo, alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sketi. Binti yao Yaretzi hakucheka. Alikuwa amejikunja kwenye kiti cha mwisho, karibu na birika, simu mkononi na nyaya masikioni, kama mtu aliyeletwa kliniki kwa nguvu.

Mbele ya meza ya Abundio kulikuwa na viti sita, na havikuwa vya mapambo. Kwa watu wetu kodi haishughulikiwi na mtu mmoja. Huja mume, mke, watoto, mama mkwe aliyekuja kutembea kutoka Monclova, kule Meksiko, na pengine jirani asiye na shida yoyote ila amesikia kuna kahawa. Wala huwezi kuanza na tarakimu. Unaanza na goti la mama mkwe, unapitia mvua ya kule nyumbani, unauliza nani kaoa nani, ndipo mtu anafungua bati lake. Wahasibu wa katikati ya jiji la Houston, wenye saa ukutani na miadi ya dakika chache, waliwahi kuwatamani watu hawa. Walitundika hata mabango ya Kihispania. Watu wakaenda mara moja, wakarudi kwa Abundio wakisema kule wanajua Kihispania safi kabisa, ila hawajui kuongea.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja huko Pasadena, pembeni mwa Houston, kati ya dobi wa mashine na bucha, chenye harufu ya sabuni asubuhi na ya nyama ya kukaanga mchana. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: kodi, vitabu vya hesabu, Kihispania. Hapakuandikwa kwamba anasoma barua, lakini hiyo ndiyo kazi iliyomla nusu ya siku. Mtu akipata barua ya shule, ya maji, ya bima, au ya mahakama kuhusu taa ya nyuma ya gari, alimletea Abundio aisome na amwambie kama ni ya kuogopa. Nyingi hazikuwa za kuogopa. Kusikia hivyo tu, kwa lugha yako, kutoka kwa mtu aliyevaa shati la kola, watu walikuwa tayari kulipia, naye hakuwatoza. Walimlipa kwa tamale, vile vitonge vya unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwa maganda, ifikapo Desemba, mpaka friji yake ikakataa kufungika.

Alianza maisha kwa kuuza matairi, akisoma jioni. Mtihani wa leseni ya kuwasimamia wateja mbele ya watu wa kodi ulimwangusha mara mbili. Mara ya tatu ukachoka wenyewe. Leseni hiyo ilining'inia ukutani, ikipakana na kalenda ya bucha yenye picha ya Bikira wa Guadalupe. Mke alishaondoka zamani, akachukua na paka. Watoto hakujaliwa. Ndiyo maana Evaristo alipomwomba awe msimamizi wa keki kwenye sherehe ya Yaretzi ya kutimiza miaka kumi na mitano, Abundio alikubali kabla sentensi haijaisha.

Sherehe ya namna ile baba haibebi peke yake. Yuko msimamizi wa taji, wa viatu, wa muziki, wa mdoli wa mwisho wa utotoni. Kila mmoja hugharamia chake, na tangu siku hiyo anakuwa ndugu. Abundio alileta keki ya ghorofa sita yenye chemchemi ya maji katikati. Jina lake lilipotajwa kwenye kipaza sauti, mhasibu wetu alijifanya ameingiwa na kitu jichoni. Baada ya hapo hapakuwa tena na Bwana Lerma wala Bwana Zertuche. Ikawa kompadre huku, kompadre kule, na kila Jumapili sahani yake ya supu ya utumbo ilikuwa mezani kwa Delfina, hata akichelewa.

Sasa mkono wake ndani ya bati ulikuta karatasi ndefu, nene, isiyoguswa na jua. Ukumbi. Chini yake nyingine: bendi. Nyingine: taa, viti na mapazia ya waridi. Ya mwisho ilikuwa ya kukodi farasi.

"Komadre, hizi zako zimepotea njia," alisema, akimnyooshea Delfina.

"Hazijapotea," alisema Evaristo. "Hizo ni matangazo ya biashara."

Abundio akacheka. Akaendelea kucheka kidogo, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Si ulisema mwenyewe?" Evaristo aliuliza.

Hapo ndipo Abundio alipojijua. Alikumbuka ua wa nyumba ya Evaristo, mwezi wa Julai, nyama ikifuka moshi, bia ya ngapi sijui mkononi. Evaristo alikuwa akiguna kuhusu bei ya kumbi, akisema atachukua ule mdogo wa parokia. Abundio, akitaka kuchangamsha watu, akapaza sauti: "Kompadre mtarajiwa, chukua ule mkubwa! Tundika bango la kampuni, tutaita matangazo!" Watu wakacheka, yeye akashiba sifa, akaenda nyumbani kulala. Kinyozi akisema mzaha, ni mzaha. Muuza matairi akisema mzaha, ni mzaha. Lakini mhasibu, tena mwenye leseni ukutani, hata akiota ndoto kwa sauti kuna mtu pembeni anaandika.

Evaristo aliandika. Alikodi ukumbi mkubwa. Aliongeza bendi, akaongeza farasi. Nyuma ya meza kuu alitundika bango la kijani lenye jina lake, mashine ya kukata nyasi na namba ya simu, na namba hiyohiyo akaichapisha kwenye vitambaa vya karatasi vya kufutia midomo. Abundio aliyaona yote hayo usiku ule kwa macho yake, akadhani kompadre wake ana kiburi cha kazi yake. Akapangusa krimu ya keki kwa namba ile ya simu.

"Kompadre," alisema polepole, "ule ulikuwa utani."

"Utani wa dola elfu ishirini na mbili?"

"Mimi sikutaja kiasi."

"Lakini ulitaja ukumbi!"

Delfina aliweka kikombe chini. "Mimi nilimwambia, muulize tena akiwa hajanywa. Akasema wee mwanamke, huyo amesomea."

"Haya," Abundio alisema. Alivaa miwani yake ya kusomea, akakaa wima. "Tufanye mimi ndiye mtu wa kodi. Nimekuja na mkoba. Bwana Lerma, siku hiyo ulikuwa unatangaza nini?"

"Nyasi."

"Kwa akina nani?"

"Watu mia tatu!"

"Wangapi kati yao ni ndugu zako?"

Evaristo alimtazama mkewe. "Tuseme mia mbili na themanini."

"Na hao wanakulipa ukiwakatia nyasi?"

"Hao?" alidakia Delfina. "Hao wanaazima hata mashine."

"Na farasi, Bwana Lerma? Farasi alikuwa na kazi gani?"

"Alikula nyasi," alisema Evaristo.

Hata mtu wa kodi alishindwa kujizuia. Walicheka wote watatu, wakafuta macho, na kwa kitambo ilionekana kama mambo yameisha. Kisha Evaristo akasema, kwa sauti ya chini ambayo Abundio hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, "Lakini nilipata wateja wapya watatu, kompadre. Usiku ule. Yule daktari wa meno alichukua kitambaa akakikunja mfukoni. Wewe unaona kuna siku ya kazi na siku ya sherehe. Mimi sina siku mbili. Nilivyofika nchi hii nilikuwa nakata nyasi kwa mashine ya kuazima. Watu wakaona bango lile, wakaona jina langu kubwa hivi. Hiyo si biashara?"

Abundio aligeukia kompyuta. Kulikuwa na ukweli humo, ukweli mwembamba, wa aina ile mbaya zaidi. Kwenye skrini mstari wa matangazo ulikuwa mtupu, alama ikipepesa mwanzoni mwake. Aliandika elfu ishirini na mbili. Chini kabisa, kodi ya Evaristo ikaporomoka kwa dola elfu sita na ushee, na Evaristo, aliyekuwa akichungulia, akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji. Delfina naye akashusha pumzi. Abundio aliiona Jumapili inayokuja: meza, limau, mvuke wa supu, kelele.

Akafuta tarakimu, moja baada ya nyingine. Kodi ikarudi ilipokuwa.

"Siwezi," alisema. "Nikitia sahihi hapa, naapa. Wakija wakauliza, watakupiga faini, na mimi leseni ile pale itashuka ukutani. Kesho nani atawasomea watu barua? Halafu wewe Juni unataka mkopo wa nyumba. Nyinyi wote Machi ni maskini, Juni ni matajiri. Benki itaangalia karatasi hii hii."

"Juni ni Juni. Leo ni Machi, na gari langu halina gia ya nyuma."

"Bango nitaliingiza. Na vitambaa. Hayo ni matangazo ya halali kabisa."

"Bango na vitambaa! Dola mia mbili na nini?"

"Nitawaandikia watu wa kodi ulipe kidogo kidogo. Kazi yangu mwaka huu bure. Na sehemu ya hiyo elfu sita nitaibeba mimi, maana mdomo uliosema ni wangu."

Uso wa Evaristo ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Sikuja kuomba hela kwako. Nimekuja kukudai neno lako. Wewe ndiye uliyelisema, mbele ya watu, ukicheka na meno yote."

"Kompadre..."

"Usiniite kompadre!" Alifunga bati, kifuniko hakikukaa sawa, akakipiga kwa ngumi. "Navuka barabara. Pale kwa wale wa kodi wenye puto la sokwe juu ya paa hawana maneno mengi. Mwaka jana walimwandikia binamu yangu watoto wanne."

"Binamu yako ana watoto?"

"Hana."

"Sasa si ndiyo hayo!"

"Lakini alirudishiwa hela!" Evaristo alikuwa amesimama, na Abundio akajikuta naye amesimama, meza katikati yao. Wote wawili walijua ni nini kitakachovuka barabara ile. Wakienda akina Lerma, wataenda vijana wake wa kukata nyasi, wa trela mbili, na shemeji wa Baytown, na wale wa kanisani, karibu nusu ya wateja. Lakini kilichomwuma Abundio hakikuwa wateja. Ilikuwa ile "usiniite."

"Keti, Evaristo," alisema Delfina. "Unapiga kelele ofisini kwa mtu."

"Siketi! Huyu anasema ile haikuwa biashara. Kwani yeye ndiye aliyesimama kwenye jukwaa lile? Yupo hapa aliyesimama. Tumwulize mwenyewe." Aligeuka. "Yaretzi! Toa hayo madude masikioni."

Msichana alitoa waya mmoja. Kumbe ule wa pili ulikuwa umechomoka tangu zamani, haijulikani tangu lini.

"Mwambie msimamizi wako," alisema baba yake. "Wewe ulikuwepo, ulipigwa picha zote na bango la kampuni juu ya kichwa chako. Ile ilikuwa ya kampuni au haikuwa ya kampuni? Sema ukweli."

Yaretzi alimtazama baba yake, akamtazama Abundio, kisha akautazama mkono wa baba yake uliokuwa bado juu ya bati.

"Ilikuwa ya kampuni, Baba," alisema. "Kwa hiyo yangu mimi bado. Mnanifanyia lini?"