Makala Ambayo Ekaju Hakuiandika

Ekaju alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake, nyumbani Merikit, Tororo, msichana aliposhuka kwenye bodaboda na kuuliza kama huyu ndiye Ekaju J., mwandishi.

"Ekaju ndimi," mzee akasema. "Huyo mwandishi simjui."

Msichana akajitambulisha: Phiona Nasirumbi, kwao Busia, mwanafunzi wa shahada ya pili. Akafungua simu, akasoma: Ekaju, J., 1996, makala kuhusu ugonjwa wa batobato wa muhogo Merikit, kurasa kumi na mbili.

Alaso, mkewe, akaacha kumenya muhogo. "Baba Emong! Kurasa kumi na mbili! Na barua ya kuniposa uliandikiwa na katekista."

Ekaju hakucheka. Miaka sita aliwatembeza wasomi mashambani, akawashikia kamba ya kupimia, akawatafsiria Kiteso mpaka koo likakauka. Ripoti zao zilipotoka, ukurasa wa mwisho walishukuru "wakulima wa Tororo", basi. Leo jina lake limekaa kwenye orodha ya vyanzo, lina nukta na mwaka, kama la daktari. Akaomba asomewe tena.

"Mzee, makala yenyewe haipo," Phiona akasema. "Niliiomba akili bandia, hii programu ya simu, initafutie vyanzo vya makala yangu. Ikanipa kumi na kimoja. Kumi ni vya kweli. Hiki nilikiamini tu, sikukikagua. Mhariri wa jarida amekitafuta, hakioni. Nikauliza Tororo kama kuna Ekaju wa mambo ya muhogo, wakanielekeza kwako."

"Mimi imenijuaje?"

"Labda jina lako liko kwenye ripoti ya zamani. Labda imebahatisha. Inabahatisha sana, na haina aibu."

Akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: mimi Ekaju niliandika makala hiyo, nakala zikapotea. Ilibaki sahihi tu.

"Ijumaa jarida likiikataa makala yangu, sihitimu mwaka huu. Na wewe utakuwa umeandika. Nani ataumia, Mzee?"

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Kusema kweli, aliitaka ile orodha kuliko hata msichana. Akashusha kalamu hadi ncha ikagusa karatasi, kisha akauliza kile ambacho mwandishi yeyote angekuwa anakijua.

"Humo ndani nilisema nini?"

Phiona akasoma kwenye makala yake mwenyewe: "Kwa mujibu wa Ekaju, mbegu safi zilipogawiwa, batobato ilikwisha katika msimu mmoja."

Mzee akaangalia jembe lake.

"Msimu mmoja? Mbegu za kwanza tuling'oa mizizi ikiwa myembamba kama vidole, tukala. Watoto walikuwa wanalia. Za pili zikaugua. Ilikuwa misimu mitatu, mwanangu. Nikitia sahihi hapa, njaa ile nimeifuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Hiyo sentensi nitairekebisha, Mzee. Wewe tia tu..."

"Utarekebisha maneno ya mtu ambaye hakusema?"

Akamrudishia kalamu. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha. "Lete hiyo simu. Nitoe humo."

Kidole chake kilikuwa kigumu, kioo hakikumsikia. Akajaribu mara ya pili, akatukana kwa Kiteso. Mara ya tatu mstari wa jina lake ukatoweka, na vyanzo vingine vikasogea kuziba nafasi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Phiona akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwandikia mhariri, akisoma kwa sauti ndogo: chanzo hicho hakipo, nilipewa na akili bandia, sikukikagua, kosa ni langu. Akaituma. Machozi yakamlengalenga.

"Watanifukuza," akasema.

"Huenda," Ekaju akasema. "Lakini ukitaka habari ya muhogo ule, uliza. Andika kwamba nimekwambia leo, hapa kwangu. Misimu mitatu."

"Mitatu?" Alaso akadakia. "Na ule tuliomzika mwanetu Amoit, uliuweka wapi?"

Ekaju akafungua mdomo abishe. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Minne," akasema. "Andika minne. Na muulize huyu kwanza kabla yangu."