Harufu ya Asumini

Ndegwa alikuwa mpasua mbao Elburgon, na pua yake ilizoea vumbi la mbao tu. Lakini Jumamosi moja, Celestine mkewe alipoinama kumwekea ugali, Ndegwa alinusa kitu kingine. Asumini. Aliijua harufu hiyo tangu alipopeleka mbao Mombasa. Huku kwao kwenye baridi, nani ana asumini?

"Chama chenu cha akiba kilikuwaje?" akauliza.

"Kilikuwa sawa," Celestine akajibu, akamwongezea mboga ambayo hakuiomba.

Jumamosi iliyofuata harufu ilirudi. Ndegwa akaanza kumchunguza mkewe: mbona simu analaza kifudifudi? Mbona anaimba akifua? Akaenda kwa Wawira, mwekahazina wa chama, akijifanya anatafuta mayai.

Wawira akashangaa. "Chama gani? Si tulikivunja tangu Pasaka!"

Mkewe alipotoka tena, Ndegwa alimfuata kwa mbali, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Celestine alivuka reli, akaingia landi, zile nyumba kuukuu za wafanyakazi wa reli. Kwenye nyumba ya mwisho, ukuta wa jiko uliojaa masizi ulikikinga na baridi kichaka kibichi chenye maua meupe tele. Ndani, mwanamume alikuwa akicheka.

Ndegwa akausukuma mlango kwa bega.

Celestine alikuwa amepiga magoti, anamwosha miguu mzee aliyepooza upande mmoja. Maua yalikuwa yametandazwa kwenye mto wake wa kulalia. Ndegwa alimkazia macho ndipo akamtambua: Khisa, baba mkwe wake, aliyeitelekeza familia akahamia Mombasa. Siku ya mahari alitokea amelewa chakari, na Ndegwa ndiye aliyemkamata ukosi akamtupa nje ya geti mbele ya wazee.

"Ungeniambia," Ndegwa akasema.

"Uliapa akikanyaga kwako utamvunja miguu." Celestine akakamua kitambaa. "Sasa hata haitembei."

Hasira aliyokuja nayo Ndegwa haikuwa na pa kwenda.

"Nani huyo?" mzee akauliza. Macho yake yalikuwa na ukungu. "Ni fundi wa mlango? Karibu, boss. Mlango umelegea, unaburura chini."

Celestine akamtazama mumewe.

"Ndiyo, mzee," Ndegwa akasema. "Ni fundi."

Akatoka kuazima nyundo kwa jirani. Aliporudi, Celestine alikuwa amempa mgongo, anamkausha babake vidole, na hakugeuka.