Dakika Kumi hadi Getini

Barua ya wakubwa wa zahanati ilikuwa na mistari sita tu. Muuza mkaa hakuvuka darasa la tatu, kwa hiyo aliyemsomea ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, akirudia mara tatu mpaka sauti ikamkauka. Wamechunguza, wakaona zahanati haina kosa. Kutoka nyumba ya mgonjwa hadi getini ni dakika kumi kwa mtu mwenye haraka. Familia ilichelewa kumleta.

"Familia ndiyo nani?" muuza mkaa aliuliza, ingawa nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja alishazikwa.

Tangu hapo dakika kumi zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliyezipima nani? Mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka, akaweka rula juu ya ramani, akapata dakika. Mtu huyo hajabeba hata ndoo ya maji, seuze mke anayekosa pumzi. Basi naye akajiwekea lengo la mwaka mzima. Siku ya kutimia mwaka tangu msiba, saa ileile ya alfajiri, atakimbia kutoka mlangoni kwake hadi geti la zahanati akiwa na mzigo wenye uzito wa mkewe. Atakimbia kwa haki, bila kujivuta. Akishindwa, baada ya mazoezi yote hayo, wakubwa watakuwa waongo, na barua yao atawarudishia mezani mbele ya watu.

Uzito aliujua. Kadi ya kliniki iliandikwa kilo hamsini na nne, na mizani alikuwa nayo, tena ya haki, si kama yao.

Mwezi wa kwanza alikimbia mikono mitupu, na hata kwa fundi cherehani hakufika. Alishika nguzo akatema mate mazito. Kinyozi wa pale kona akamuuliza kama anafukuza au anafukuzwa. Mwezi wa tatu akatia kilo kumi za mkaa kwenye gunia. Wa sita, ishirini na tano. Watu wakazoea, maana mzee mwenye gunia la mkaa mgongoni nani atamshangaa? Kinyozi aliwaambia wateja wake kwamba siku hizi mkaa unapelekwa mbio, usije ukapoa.

Asichomwambia kinyozi ni habari ya ndala za marehemu. Kila alipompita fundi cherehani alizisikia nyuma yake, pa, pa, pa, ya kushoto ikiburura kidogo, kwa sababu mkanda wake ulikatika na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga kwa waya. Akigeuka, uchochoro mtupu, vumbi halina alama ila za miguu yake. Ndala zilimfuata hadi kwenye kalvati la mtaro, nusu ya njia, zikanyamaza. Na yeye nguvu zilimwishia hapohapo. Basi akawa anageuza na kurudi mbio nyumbani. Umbali ni uleule, alijiambia, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Mwaka karibu uishe hajalitia machoni geti lenyewe.

Shemeji alijua kwa nini. Alfajiri ile mkewe aliposhikwa na pumu, muuza mkaa alipiga simu zahanati, akaambiwa gari haliingii vichochoroni, ampeleke mgonjwa kwenye kalvati wasubiri. Akambeba hadi pale, akamketisha juu ya ukingo, akatii. Akapiga tena: liko njiani. Akapiga tena: liko njiani. Jua likatoka kabla ya gari.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, shemeji alimkuta akipima mkaa, kipande kimoja kimoja.

"Shemeji," akasema, "na ukifika kwa dakika kumi, je?"

Aliendelea kupima.

"Nakuuliza. Ukishindwa, wao ni waongo. Ukiweza, utaishi vipi humu ndani?"

"Imebaki kilo moja itimie hamsini na nne," alijibu, akaongeza kipande kingine.

Alfajiri alifunga gunia mgongoni kwa khanga ya marehemu, akatia saa yake ya mkononi katika mfuko wa shati, akatoka. Shemeji alimfuata kwa miguu, akaachwa mbali. Kwa fundi cherehani akapita. Ndala zikaanza. Gunia likawa la moto mgongoni, likapanda na kushuka kama kifua cha mtu. Kwenye kalvati akaona wazi kwamba akipunguza mwendo kidogo tu, kidogo asichokijua mtu, atakuwa amewashinda wakubwa. Hakupunguza. Na nyuma yake, kwa mara ya kwanza, ndala hazikunyamaza.

Alipogusa geti alitoa saa. Dakika tisa na nusu.

Akaketi chini na gunia lake. Barua ilisema kweli. Mwaka mzima alikuwa anautafuta ushahidi wa kujifunga mwenyewe.

Kisha akainua macho. Ukutani palipakwa rangi HUDUMA SAA ZOTE, na chini yake geti lilikuwa na mnyororo na kufuli. Akagonga. Akagonga mpaka mlinzi akatoka na blanketi mabegani.

"Hili halifunguliwi kabla ya saa moja, mzee. Amri ya wakubwa, tangu mwaka juzi waibiwe matairi ya gari. Mkaa wa nani huo?"

"Nimeleta mgonjwa."

Mlinzi alilitazama lile gunia lililofungwa khanga, akataka kucheka, akaacha. Nyuma yake gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uani, ndani ya kufuli ileile.

Shemeji alifika akihema. Muuza mkaa akamwonyesha saa.

"Ningewahi," akasema.

Shemeji alitazama saa, akatazama mnyororo.

"Ungewahi kufuli, shemeji."

Walikaa pale mpaka saa moja, gunia likiwa katikati yao. Mlinzi alipovuta mnyororo, muuza mkaa alisikia ndala zikimpita ubavuni na kuingia, ya kushoto ikiburura. Akainuka, akalipakata gunia kifuani.

"Unalipeleka wapi?" shemeji aliuliza.

"Ndani," alisema. "Si wamefungua."