Mzee wa Kubandikwa Ndevu

Usijifanye hukuona. Jumatatu ulikuwa kantini ya studio, umeinamia supu ya maharage, Lemuel Pruitt akipitishwa mbele yako ameshikwa kiwiko na askari wa geti kama mlevi. Ulimwona. Ukaomba chumvi.

Mimi sisahau. Mwaka 1920 Lemuel alikuwa na miaka thelathini na meno yake yote. Studio ilitaka kibogoyo wa kuchekesha kwenye filamu za wachunga ng'ombe. Wakamwambia: ng'oa, utakuwa na kazi hapa maisha yako yote. Akang'oa. Miaka arobaini amekuwa babu mlevi, babu mchimba dhahabu, babu anayepigwa risasi filamu haijafika katikati. Umemcheka gizani, na jina lake hulijui.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, walimpa nafasi ya babu ambaye filamu nzima ni yake, anayekufa mwishoni, kitandani, wanawe wamemzunguka. Akakariri kila neno. Ndipo Voorhis, mkuu wa filamu hiyo, akamwita ofisini. Nilikuwa juu ya ngazi humo humo, nabadilisha taa.

"Mzee Lem, watu wa bima wamekataa kukudhamini. Umezeeka mno."

"Nimezeeka mno kuigiza mzee?"

"Tumempa Chet Lonergan. Atabandikwa ndevu."

"Kijana yule? Na meno?"

"Yatapakwa rangi nyeusi."

Lemuel akachomoa meno yake ya bandia, akayaweka juu ya meza. "Mimi hamkunipaka."

"Toa uchafu wako hapa!" Voorhis akashika simu kumwita askari.

Nikashuka. "Wewe bwana, huyu alikuwa anakufa kwenye filamu zenu wewe ukiwa bado unanyonya."

"Na wewe fundi, mfuate nje."

Ndiyo maana nakuandikia, wewe na kila fundi wa humo ndani, nikiwa upande huu wa geti. Lemuel yuko kando yangu, amevaa suti, anaamini wataghairi na kumwita. Leo baada ya chakula cha mchana wanapiga picha ya babu kufa kitandani. Ikishapigwa, hakuna wa kumwita tena.

Voorhis hajui kuwasha hata taa moja. Kamera inasukumwa na wewe. Ndevu za Lonergan unazibandika wewe. Usiniambie una watoto. Hata Lemuel alikuwa nao. Weka gundi chini. Zima taa. Toka sasa hivi, kabla kengele ya saa saba haijalia, na Voorhis akikuuliza unakwenda wapi, mtajie jina la Lemuel Pruitt.