Mwezi wa Kushikwa

Fundi majokofu alikuwa na dada mkubwa asiyeona, na dada huyo alikuwa na mchumba aliyeponzwa na ulimi wake mwenyewe. Mchumba alikuwa mtengeneza saa, mtu mzima, mpole, na pale nyumbani walimwita Bwana Saa. Siku moja, katikati ya mazungumzo mazuri tu, akamwambia Dada: "Uso wako kama mwezi wa kumi na nne."

Dada hakuipokea sifa hiyo. Ugonjwa uliomchukua macho utotoni ulimwachia uso wa mashimo, na mashimo hayo aliyajua kwa vidole kuliko yeyote aliyewahi kumtazama. Maisha yake yote amesikia mwezi ukisifiwa uzuri. Basi mwanamume huyu ama alimdhihaki, ama ni mwongo wa kawaida, na yeye hakuwa na haja ya kuolewa na mmoja kati ya hao. Alimwambia aje Jumapili kuchukua jibu lake, na fundi alilijua jibu lenyewe kabla halijatoka.

"Lakini Dada, hata mwezi una madoa," fundi alijaribu kumtetea Bwana Saa.

"Nimechoka kuambiwa, mdogo wangu. Mbingu naambiwa, rangi naambiwa, hata gauni langu likichakaa naambiwa. Hili nataka kulishika."

Kushika mwezi! Mwingine angecheka. Fundi alikwenda stoo, alikoiweka mashine ya kuchonga mbao aliyoinunua kwa kujifurahisha tu. Ilikuwa na meza ndogo kama sinia, na juu yake kisu kilichozunguka na kwenda huku na huko, juu na chini, kwa amri ya kompyuta. Mpaka siku ile ilikuwa imechonga vibao vya majina na vumbi jingi, na mkewe aliihesabu kuwa mke mwenza.

Kwenye mtandao alipata vipimo vya uso wa mwezi, kila mlima na kila shimo, vilivyopimwa na vyombo vya angani. Lakini kwenye ubao wa ukubwa wa sahani, milima ile isingefika hata unene wa unywele. Ikabidi azidishe kina, na hakumficha Dada.

"Umeongeza chumvi?"

"Nimeongeza, ila kwa kipimo kimoja kila mahali. Bila hivyo vidole havipati kitu."

"Kwa kipimo kimoja, nakubali. Ila usinichongee shimo la kwako."

Mashine ilianza na kisu kinene, cha kuondoa mbao nyingi kwa haraka. Kilipomaliza, mwezi ulikuwa umekaa ngazi ngazi, kama shamba la mlimani. Dada, aliyekuwa amekaa mlangoni, uvumilivu ukamshinda. "Nipe nionje kidogo." Fundi naye alikuwa na kiherehere kuliko mwenye shughuli. Akafungua skrubu zilizoushika ubao, akampakatisha, kisha akaurudisha mahali pake kwa kukadiria kwa macho na kufunga kisu chembamba cha kumalizia.

Kazi ilipokwisha, Dada alipitisha kidole mara moja tu. "Mbona kila shimo lina kingo mbili?"

Fundi aliinama na tochi. Ni kweli. Ubao ulikuwa umerudi pembeni kidogo, kiasi cha ukucha, na visu viwili vilichonga miezi miwili iliyopandana.

"Ukingo upi ni wa mwezi, na upi ni wako?"

Hata kwa tochi kingo hizo hazikutofautika. Msasa ungeweza kuficha kosa, lakini ungeufanya mwezi kuwa laini kuliko ulivyo, na hapo Bwana Saa angehukumiwa kwa ushahidi wa uongo. Akautupa ubao ule, akafunga mwingine, akaapa kwamba huu hautoki mezani mpaka mwisho. Wakati wa kubadili kisu alipima upya kimo cha ncha yake kutoka kwenye meza, si kwenye mbao, maana uso wa mbao aliopimia mwanzo ulikuwa umeshaliwa na kisu kinene.

Kisu chembamba kikaanza kulima mstari mmoja baada ya mwingine, kila mstari ukigusana na mwenzake. Ngazi zikatoweka. Likazuka shimo, na ndani ya shimo kilima kidogo katikati. Kisha nyanda, kisha safu ya milima. Fundi aliinama karibu. Kitu ambacho watu wamekitazama tangu dunia kuwa dunia kilikuwa kinajitokeza stooni mwake, kati ya ndoo na pasi mbovu, na yeye angeweza kukipuliza vumbi kwa mdomo. Alijikuta amevua kofia.

Aliuacha ubao palepale ulipofungwa, akamshika Dada mkono na kumfikisha. Vidole vyake vilianza pembeni, vikatumbukia shimo, vikatoka, vikaingia jingine lililobomoa ukuta wa la kwanza. Vilienda taratibu, kisha taratibu zaidi.

"Kila shimo lina ukingo mmoja," alisema.

"Mmoja tu."

"Basi haya yote ni yake mwenyewe."

"Ni yake, Dada."

"Na huku chini mnayaona?"

"Tunayaona kama madoa. Hata mtoto mdogo huyaona."

"Na bado mnausifia?"

"Tunausifia."

Mkono wake wa kushoto ulibaki juu ya mwezi. Wa kulia ulipanda shavuni, na mikono yote miwili ikaanza kutembea kwa mwendo mmoja, ubaoni na usoni. Fundi aliitazama ikienda. Miaka yote amekaa na uso ule, na kwa kuogopa kumuumiza hakuwahi kumwambia neno lolote juu yake, baya wala zuri. Aliona haya, na aliona ajabu, na hakujua lipi lilimzidi mwenzake.

"Jumapili ni mbali," Dada alisema. "Mpigie simu aje leo."